Maji ya Kunywa Yanayobeba Boti

Kwenye mfereji wa Llangollen, boti iko mita chache tu kutoka loki ya chini ya New Marton, Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Loki ni chumba chenye malango kinachopandisha na kushusha boti kwa maji. Omo, yaani mbele ya boti, imelenga katikati ya kuta mbili za mawe, na kila upande imebaki nafasi ya vidole viwili. Ghafla maji yanatoka kwa kasi kwenye mdomo ulioko ukingoni, yanapiga ubavu wa omo, na chuma chote kile cha tani 16 kinaanza kukaa mshazari. Nahodha asipoongeza moto wa injini palepale, omo itagonga ukuta na tezi, yaani nyuma ya boti, itakwenda kukaa kwenye matope ya upande wa pili.

Maji yale hayakutoka ndani ya loki. Loki imefungwa.

Yamepita kando, kwenye mchepuko uliochimbwa kuizunguka, na yanapita usiku na mchana, boti iwepo isiwepo.

Mchepuko ule umekuwa ukinirudia kichwani kwa wiki kadhaa, pamoja na swali ambalo mtu yeyote anayejua thamani ya ndoo ya maji hawezi kulikwepa: je, ni halali kumwaga maji yote haya ili watu wawili walioko likizo wapande mita mbili? Mwaka 2025 mifereji mingine ya Uingereza ilifungwa kwa kukosa maji. Hapa yanapita tu kando ya lango. Naona njia nzuri ya kulijibu ni kuifuata safari ya siku moja, kutoka New Marton hadi mji wa Llangollen, na kuangalia maji yanafanya nini kila hatua.

## Kabla ya kuwasha injini

Boti nyembamba ina upana wa mita 2.08 kwa sababu loki zenyewe zina mita 2.13 hivi. Urefu unaweza kufika mita 21. Asubuhi huanzia kwenye chumba cha injini: oili, maji ya kupozea, kisha kikopo cha grisi cha shafti. Unageuza mfuniko wake mpaka uhisi unagoma, basi. Grisi hiyo ndiyo inayozuia maji ya mfereji kuingia pale shafti inapotokea nje.

Halafu rafadha, lile panga linalozunguka majini kuisukuma boti. Juu yake kuna kisanduku chenye mfuniko, ndani kabisa ya tezi. Zima injini, toa ufunguo, utie mfukoni mwako mwenyewe, ndipo ufungue na kuingiza mkono. Utakuta mifuko ya plastiki, kamba, matambara, wakati mwingine waya. Kata kwa kisu chenye meno, polepole, kwa kupapasa, kwa sababu maji hayo huoni kitu. Dalili kwamba kuna kitu kimejizungusha zinajulikana: kana, yaani mkono wa usukani, inatetemeka mkononi, moshi unakuwa mweusi, na ukitia gia ya nyuma boti haitaki kusimama.

Ukimaliza, rudisha mfuniko na uukaze mpaka mwisho. Wanaokodi boti kwa mara ya kwanza hawaambiwi vya kutosha kuhusu hili. Mfuniko ukiachwa haujakaa sawa, rafadha inayarusha maji ndani ya chumba cha injini, hasa unaporudi nyuma, na boti inaweza kuzama hapohapo ilipo huku abiria wakinywa chai mbele.

## Kuingia loki

Tuirudie ile omo inayosukumwa. Mchepuko wa New Marton, kama michepuko mingi ya mfereji huu, unatapika maji yake chini kidogo ya lango la chini. Dawa yake ni kulenga upande yanakotokea maji, kuja na mwendo wa kutosha ili usukani uwe na nguvu, na kuacha mkondo ukupeleke katikati. Ukija polepole kwa woga ndipo unaposukumwa. Mara omo ikishaingia kati ya kuta, toa gia, kisha rudi nyuma kidogo kupunguza mwendo.

Kazi ya juu ni ya mwenzako mwenye hendeli, ile ya chuma yenye umbo la herufi L. Kwanza anatazama kama kuna boti inayokuja kutoka juu. Kama ipo, na loki imejaa, hiyo ndiyo yenye haki: itashuka kwa maji yaleyale ambayo wewe ungeyamwaga bure ili kuitayarisha loki upande wako. Kama hakuna, anaitoa maji, anafungua malango ya chini, boti inaingia, anafunga malango na vizibo vyake, yaani vilango vidogo vya kupitishia maji, ndipo anakwenda juu kufungua vizibo vya maji ya kuingia.

Hapo asifungue vyote kwa pamoja. Anaanza na nusu ya kizibo kimoja cha ardhini, kinachopitisha maji chini ya ardhi badala ya langoni, anatazama boti, anaongeza. Maji yanayoingia kwa kishindo huivuta boti mbele na nyuma, na omo ikinasa chini ya boriti ya lango wakati maji yanapanda, upande wa mbele unabaki chini huku tezi ikiinuka, na maji yanaingia kwa milango ya mbele. Vizibo vilivyo kwenye lango lenyewe vinangoja mpaka maji yamevifunika. Vikifunguliwa mapema vinamwaga maporomoko juu ya sitaha ya mbele.

Na hendeli haiachwi kwenye mhimili. Kikwamisho kikiteleza, kizibo kinashuka kwa uzito wake na hendeli inazunguka kwa kasi ya kuvunja mkono.

Kushuka kuna hatari nyingine, nayo imezamisha boti nyingi: kizingiti. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe au zege, kinachofichwa na maji loki ikijaa. Maji yakishuka na tezi iko juu yake, tezi inakaa pale na omo inaendelea kwenda chini. Ukutani kuna mstari mweupe. Usukani wote ubaki mbele ya mstari huo. Boti ikikaa, neno ni moja: funga vizibo vya chini kwanza, halafu ndipo ufungue vya juu kurudisha maji. Anayekimbilia vya juu kwanza anapoteza sekunde ambazo hana.

## Hesabu ya ndoo

Chukua chumba cha urefu wa mita 22, upana wa mita 2.1, na tofauti ya maji ya mita 2 kati ya juu na chini. Hizo ni lita 92,400.

Kwa ndoo za lita 20, ni ndoo 4,620.

Kwa boti moja, loki moja.

Kuna kitu kwenye hesabu hii ambacho hata wenye boti zao hawakifikirii mara nyingi. Maji ya kujaza chumba hayapungui kwa sababu ndani kuna boti, kwani boti inaelea juu yake. Lakini boti inayopanda, ikitoka kwenye chumba kwenda juu, nafasi yake inajazwa na maji ya juu: lita 16,000 kwa boti ya tani 16. Kwa hiyo kupanda kunaigharimu sehemu ya juu maji ya chumba kizima na uzito wa boti juu yake. Kushuka ni kinyume chake. Boti inapoingia chumbani inasukuma maji ya uzito wake kurudi juu, na sehemu ya juu inapoteza chumba kasoro lita hizo 16,000. Boti nzito inayoshuka inatumia maji machache kuliko nyepesi.

Ndiyo maana adabu ya kungoja boti inayokuja upande wa pili ni jambo zito. Moja ikipanda na nyingine ikishuka kwa zamu, zote mbili zinatumia chumba kimoja cha maji. Zikienda bila kungojana, zinatumia viwili.

## Mfereji uliookolewa na mabomba

Sasa maji ya New Marton yanatoka wapi, na yanakwenda wapi?

Yanatoka mto Dee, juu ya Llangollen, mahali paitwapo Horseshoe Falls. Mhandisi Thomas Telford alijenga kizuizi cha mawe chenye umbo la kwato ya farasi kuvuka mto, kikakamilika 1808, ili kuupa mfereji maji. Mpango wa awali, ulioidhinishwa 1793, ulikuwa kuunganisha mto Mersey na mto Severn, na maji yangetoka mabwawa ya kaskazini. Sehemu hiyo ya kaskazini haikujengwa. Kilichokuwa kiwe njia kuu kikaishia kijiji cha Trevor, na kutoka hapo kikachimbwa kijimfereji chembamba cha kuleta maji tu.

Kijimfereji hicho ndicho kilichouokoa mfereji mzima. Mwaka 1944 kampuni ya reli ya LMS, iliyokuwa ikiumiliki, ilipata sheria ya kuacha kuutumia kwa usafiri. Mifereji mingi iliyoachwa wakati huo ilifukiwa au ikageuka vinamasi. Huu haukufukiwa kwa sababu maji yake yalikuwa na wateja. Katika miaka ya 1950 yakafanyika makubaliano ya kuyapeleka maji ya Dee hadi bwawa la Hurleston, mwisho wa mfereji, kwa ajili ya kunywewa na watu wa Cheshire.

Mpaka leo ndivyo. Siku ya kawaida mamilioni ya lita yanapita kwenye mfereji kuelekea Hurleston, na mchepuko wa New Marton ni sehemu ya bomba hilo.

Hapa ndipo swali langu lilipogeuka. Mfereji una loki 21 kwenye njia yake kuu, na bwawa la Hurleston linachukua maji juu ya nne za mwisho. Maana yake chumba cha maji kinachomwagwa New Marton, au kwenye zile sita za Grindley Brook, hakipotei. Kinashuka sehemu inayofuata, ambako kingefika vilevile kwa mchepuko, na mwisho wake ni bomba la jikoni kwa mtu. Maji yanayopotea kwa bwawa ni ya zile loki nne za chini ya Hurleston peke yake.

Basi kwenye mfereji huu boti haiyanyang'anyi maji yale. Inaazima njia yao.

## Chirk: moto hausaidii

Kuazima huko kuna masharti, na unayaonja Chirk.

Daraja la maji la Chirk, yaani daraja linaloubeba mfereji wenyewe, lilifunguliwa 1801, mita 21 juu ya mto Ceiriog, na pembeni yake daraja la reli limesimama juu zaidi. Katikati unaiacha Uingereza na kuingia Wales. Ukishavuka kuna kidimbwi kidogo, na papo hapo mdomo wa handaki la mita 421. Si daraja wala handaki panapopishana boti mbili. Unatuliza boti, unatazama kama kuna taa ndani, unawasha yako, unapiga honi, unaingia.

Ndani, boti inaanza kugoma.

Maji yote yanayokwenda Hurleston yanapita humu, yanakuja usoni kwako, na wewe umeziba sehemu kubwa ya njia. Lazima yapite kati ya ubavu wa boti na ukuta, na chini ya sakafu ya boti. Kadiri unavyoongeza moto, rafadha inayavuta kwa nguvu kutoka mbele, kimo chake pembeni mwa boti kinashuka, tezi inazama, nafasi ya chini inazidi kuwa ndogo. Injini inanguruma na ukuta unasogea polepole kuliko mwanzo. Anayezidisha hapo anachoma mafuta na kusugua mashapo.

Punguza. Rudisha mkono wa moto mpaka mngurumo utulie, uone tezi ikiinuka kidogo. Mwendo hauongezeki sana, lakini haupungui, na boti inaanza kutii kana. Ukiwa na subira, mwanga wa upande wa pili utakufikia.

Sheria hiyohiyo inatawala hata mahali palipo wazi. Kikomo cha mwendo ni kilomita 6.4 kwa saa, ila kwenye mfereji mfinyu kama huu kipimo cha kweli ni ukingo. Ukiona maji yanavutwa kutoka ukingoni unapopita na nyuma yako linakuja wimbi linalovunjika, umeshapita kiasi. Unabomoa kingo, unang'oa vigingi vya boti zilizofungwa, na wala huendi haraka zaidi. Mkondo ukiwa nyuma yako wakati wa kurudi mambo ni mengine: boti inakwenda yenyewe, na tatizo linakuwa kusimama. Anza kutia gia ya nyuma mapema kuliko ulivyozoea.

## Pontcysyllte

Baada ya handaki la pili, fupi, la Whitehouses, unafika Froncysyllte kwenye daraja la kuinua. Kwenye madaraja mengi ya aina hii mtambo uko ng'ambo ya njia ya farasi, ile ya ukingoni walikopita farasi waliovuta boti, na hilo linamtesa anayesafiri peke yake. Mwenye hendeli ashuke kabla, aende ng'ambo, ainue, angoje tezi ipite kabisa ndipo ashushe.

Kisha daraja la maji la Pontcysyllte. Lilifunguliwa Novemba 1805, kazi ya Telford na mhandisi mwenzake William Jessop. Urefu wake ni mita 307, urefu wa kwenda juu mita 38, na tangu 2009 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Upande mmoja kuna njia ya miguu yenye reli ya kushika. Upande wa pili hakuna reli. Ukingo wa chuma unasimama sentimita chache tu juu ya maji, na ukisimama kwenye tezi huuoni. Unaona mto Dee chini kabisa, na vilele vya miti. Watoto wakae ndani. Juu ya paa asikae mtu.

Watu husimama hapa kwa mandhari, na mandhari yanastahili. Ila kitu ninachokipenda zaidi kiko chini ya miguu ya wapita njia. Karai la chuma linalobeba maji lina upana wa mita 3.6, na njia ya miguu haikujengwa kando yake. Imeinuliwa juu ya maji, ili maji yaendelee chini yake. Boti inapita upande mmoja na maji inayoyasukuma yanapata pa kutorokea chini ya nyayo za watu. Bila nafasi ile, boti ingekwama humu kama inavyogoma kule Chirk. Waliochora daraja hili waliuelewa mfereji kwanza kama maji, ndipo kama njia.

## Trevor hadi Llangollen

Mwisho wa daraja geuka kushoto kwa kona kali. Ukinyoosha utaingia kwenye gati la Trevor lililojaa boti za kukodi. Kona hiyo haigeuzwi kwa mwendo: punguza kabla, sukuma kana mpaka mwisho, kisha ongeza moto kwa muda mfupi ili rafadha iipige tezi upande.

Kutoka hapa uko kwenye kile kijimfereji cha kuleta maji. Ni chembamba, hakina kina, na kuna vipande vilivyochongwa kwenye mwamba ambamo boti moja tu inapita. Mtu mmoja atangulie kwa miguu na simu mkononi hadi mwisho wa kipande, aseme kama njia ni nyeupe. Mkikutana katikati, mmoja atarudi nyuma mita mia kadhaa, na boti nyembamba hairudi nyuma kwa usukani. Inakwenda inakotaka yenyewe.

Mfereji umekatwa kwenye ubavu wa mlima, juu ya bonde. Septemba 1945 ukingo ulibomoka karibu na Sun Bank, maji yakala tuta la reli lililokuwa chini yake, na treni ya alfajiri ikatumbukia shimoni. Dereva alikufa. Ukiona zege na vifaa vya kuzuia maji kwenye sehemu hii, sababu ni hizo.

Llangollen ndio mwisho kwa boti za injini. Unageuza boti, unafunga kamba. Zaidi ya hapo, mpaka Horseshoe Falls, ni boti zinazovutwa na farasi tu, au miguu yako. Uende. Ni mwendo wa kilomita tatu hivi, na mwisho wake utaona mahali maji yanapotoka mtoni na kupimwa kabla ya kuingia mferejini.

## Mto usiokauka

Mwaka 2025, mvua za mwanzo wa mwaka ziliposhindwa, sehemu ndefu ya mfereji wa Leeds and Liverpool ilifungwa. Ule unapanda mlima mpaka kilele chake Foulridge na kushuka upande wa pili, na maji ya kilele yanatoka mabwawa. Boti inayovuka inachukua chumba kimoja ikipanda na kingine ikishuka, na loki za kule ni pana, zinameza zaidi ya maradufu ya hizi. Maji yanakimbilia pande mbili na hayarudi. Pale ile hesabu ya ndoo ina jibu moja, na naunga mkono waliofunga malango.

Mfereji wa Llangollen haukauki kirahisi hivyo, kwa sababu Dee haiachwi ikauke. Mto unalishwa kutoka mabwawa ya milimani, na mojawapo ni Llyn Celyn, juu ya mji wa Bala, lililokamilika 1965 kwa ajili ya maji ya jiji la Liverpool. Kulijaza kulizamisha kijiji cha Capel Celyn: kanisa, shule, posta, mashamba, watu wanaozungumza Kiwelisi waliohamishwa bila ridhaa yao. Baraza la jiji la Liverpool liliomba radhi 2005. Kwenye kuta za mawe sehemu nyingi za Wales bado yameandikwa maneno *Cofiwch Dryweryn*, yaani kumbukeni Tryweryn, bonde lile.

Kwa hiyo nilipoondoa hatia kwa boti pale New Marton, nilikuta imehamia juu zaidi ya mto. Uhakika kwamba kesho asubuhi mchepuko utakuwa unatapika maji, boti iwepo isiwepo, ulilipiwa, na waliolipa hawakuwa wenye boti wala wanywaji wa Cheshire. Sijui kampuni ya kukodi boti inayomweleza mgeni jambo hilo anapokabidhiwa hendeli na ramani. Nadhani lingestahili dakika mbili, baada ya maelezo ya mfuniko wa rafadha.